Matairi ya theluji kwa pikapu: anza na uzito, meno baadaye

Pikapu isiyo na mzigo ina mkia mwepesi. Injini, giaboksi na kabini vyote vimekaa mbele; nyuma kuna bodi la bati juu ya springi zilizotengenezwa kubeba mzigo ambao siku nyingi haupo. Kwenye lami kavu hutaona shida. Theluji ikishuka, magurudumu ya nyuma yanazunguka bila kusogeza gari, na ukifunga breki kwenye mteremko mkia unataka kutangulia. Matairi ya theluji ya pikapu huchaguliwa kuanzia hapo: nyuma kutakuwa na uzito gani kwa miezi yote ya baridi, na barabara itakuwa na nini juu yake, theluji laini, theluji iliyoshindiliwa, barafu, au maji baridi tu.

Wengi huanzia kwingine. Hutazama meno makubwa na ubavu mgumu, wakiamini kwamba gari la kazi linastahili tairi la kazi. Tairi gumu la plai 10 (plai ni kipimo cha nguvu ya tairi) kwenye pikapu nyepesi isiyobeba kitu ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na hapa chini tutalifafanua kwa kirefu kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapo, na mshiko pia.

Kabla ya hayo, neno moja kuhusu fowili, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Fowili husaidia gari kuondoka. Kusimama na kukata kona ni kazi ya matairi, na hapo pikapu ya fowili haina nafuu yoyote juu ya ile ya magurudumu mawili; mara nyingi ni nzito zaidi na inahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Mbaya ni kwamba dereva wa fowili huchukua mwendo bila kuhisi kuwa chini panateleza, hivyo habari humfikia siku ya kufunga breki. Kwa hiyo ukilinganisha matairi, uliza kwanza litasimama vipi, ndipo uulize litaondoka vipi.

Mpira wenyewe

Tairi la kawaida hutengenezwa kwa mpira unaostahimili joto. Joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, mpira huo huanza kukakamaa, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyofanana na plastiki. Tairi lililokakamaa haliingii kwenye vijishimo vidogo vya barabara, linapita juu yake. Mpira wa tairi la theluji huchanganywa kwa namna nyingine, kwa mpira asilia na silika nyingi zaidi, ili ubaki laini kwenye nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Ndiyo maana tairi la theluji linalishinda la kawaida hata siku ambayo hakuna theluji, ikiwa lami ni baridi na imelowa.

Baada ya mpira ndipo yanakuja meno. Tazama kwa karibu jino moja la tairi zuri la theluji: juu yake kuna vijikato vyembamba vya kupindapinda, kama vilivyochanjwa kwa wembe, vingi, karibu karibu. Bonyeza kwa kidole gumba, utaona vinafunguka na kujifunga. Kila ukingo wa kijikato unauma barafu, na nafasi iliyo katikati yake inafyonza utando wa maji ulio juu ya barafu. Mifereji mikubwa kati ya meno ina kazi tofauti: inabeba theluji na kuishindilia, kwa kuwa theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Sasa tazama tairi la matope, lile linaloitwa M/T. Meno ni makubwa, mazito, hayana vijikato au vipo vichache, na mpira wake ni mgumu ili usikatwe na mawe. Kwenye theluji ya kina kirefu linachimba na kupita. Kwenye barafu linateleza kama sahani juu ya sahani, maana mpira unaogusa chini ni kidogo na hauna kingo za kuuma. Hili si tairi la baridi kwa barabara yoyote ambayo magari mengine yamepita na kuing'arisha.

Alama mbili ubavuni, na uzito wake

Ubavuni utakuta herufi M+S, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au zote mbili.

M+S maana yake matope na theluji. Herufi hizo zinahusu umbo la meno na uwazi ulio kati yake, na mtengenezaji huziandika mwenyewe bila tairi kupita mtihani wowote wa theluji. Matairi mengi ya misimu yote yanayokuja na pikapu kutoka kiwandani yanazo. Usizitegemee.

Alama ya mlima na chembe ya theluji ilianza Amerika ya Kaskazini mwaka 1999, na tairi hulazimika kuipata kwa kupimwa: linalinganishwa na tairi la kipimo juu ya theluji iliyoshindiliwa na lazima lilizidi kwa kiwango kilichowekwa. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kukubali kununua. Lakini jua mtihani huo unapima nini. Ni theluji iliyoshindiliwa, barafu haimo. Ndiyo maana siku hizi kuna matairi mengi ya A/T, ya njia zote, yenye alama hiyo halali kabisa, ambayo kwenye theluji yanavuta vizuri na kwenye barafu ya njia panda yanahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko tairi la theluji halisi. Kwa mtu anayeishi pale theluji inaposhuka mara chache na kuyeyuka, na pikapu yake inaingia porini mwaka mzima, A/T yenye alama ya mlima ni chaguo la busara. Kwa mtu ambaye barabara yake inabaki nyeupe kwa miezi mitatu, si mbadala wa tairi la theluji. Lebo ya Umoja wa Ulaya ina alama nyingine ya mshiko wa barafu tangu Mei 2021, kwa matairi ya kundi la magari madogo. Ukiiona kwenye saizi yako, ipe uzito.

Sheria nazo zinaangalia alama hizi. Ujerumani haitambui tena M+S peke yake tangu 1 Oktoba 2024. Lazima alama ya mlima iwepo. Quebec, Kanada, inalazimisha matairi ya theluji kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Kwingine sheria inafuata hali ya barabara badala ya tarehe. Soma ya mahali unapoendesha, na ya mahali unapopita ukivuka mpaka.

LT au la: hapa ndipo penye uamuzi

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko chenye saizi ya tairi, upepo unaotakiwa, na uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Kiandike, na kaa nacho unaponunua.

Saizi ya pikapu huandikwa kwa njia mbili kuu. Kuna 265/70R17 115T, tairi la kawaida, na kuna LT265/70R17 121/118S, tairi la gari la mizigo. Upana, kimo na rimu ni vilevile, lakini ni vitu viwili tofauti. Namba ya 115 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 1,215. Namba ya 121 ni kilo 1,450. Ile 118 inayofuata ni kwa gari lenye matairi pacha nyuma. Nje ya Amerika ya Kaskazini utakutana pia na herufi C baada ya saizi, kama 215/65R16C, nayo ni alama ya tairi la biashara lenye ubavu ulioimarishwa.

Matairi ya LT yana daraja: C ni sawa na plai 6, na upepo wake wa juu kwa kawaida ni psi 50, D ni plai 8, psi 65, E ni plai 10, psi 80. Hesabu hizo za plai ni za nguvu tu, ukilikata tairi la leo hutakuta tabaka kumi ndani yake.

Hesabu inakwenda hivi. Chukua uzito wa juu wa ekseli ya nyuma ulioandikwa mlangoni, ugawanye kwa mbili. Ekseli ya kilo 2,000 inadai tairi la kilo 1,000 kila upande. Kanuni ya Amerika ya Kaskazini inataka tairi la gari dogo likifungwa kwenye pikapu lihesabiwe pungufu, yaani uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, kwa sababu pikapu hupakiwa vibaya na kuzidishiwa. Basi hizo kilo 1,000 zinakuwa 1,100, na tairi la chini linalokubalika ni lenye namba 112, ambayo ni kilo 1,120. Tairi la 115 linatosha na kubakiza. Kwa upande mwingine, pikapu nzito ambayo ekseli yake ya nyuma imeandikwa kilo 2,900 inadai kilo 1,450 kila upande, na hiyo ni 121 kamili, daraja E. Hapo hakuna mjadala: gari la namna hiyo lifungiwe LT daraja E, hata kama bodi lina koleo tu.

Mjadala uko kwa zile pikapu nyepesi, ambazo ndizo nyingi. Je, zipewe LT kwa usalama zaidi? Tunasema hapana, isipokuwa zinavuta tela zito, zinabeba mzigo karibu na kikomo siku nyingi za baridi, zinasukuma theluji kwa blade ya mbele, au zinaishi kwenye barabara za kokoto kali. Sababu ni hizi. Tairi la LT lina ubavu mnene na kitako kigumu, na limetengenezwa lilale chini vizuri likiwa limebanwa na mzigo. Ekseli ya nyuma ikiwa tupu haina uzito wa kulilaza, hivyo linagusa barabara kwa eneo dogo na vijikato vyake havifunguki. Mpira wa uso wake nao mara nyingi huwa mgumu zaidi ili ustahimili mzigo. Juu ya hapo lina uzito wa kilo kadhaa zaidi kwa kila gurudumu.

Na kuna mtego wa upepo ambao mafundi wengi huusahau. LT hubeba mzigo kwa kutegemea upepo mwingi. LT daraja E likijazwa psi 35 za kibandiko cha mlangoni, ambazo ziliandikwa kwa ajili ya tairi la kawaida, linabeba pungufu ya lile la kawaida lenye saizi hiyo hiyo. Kulifikia linahitaji kama psi 10 zaidi, na kwa saizi nyingine 15. Usikisie, kila mtengenezaji ana jedwali la mzigo na upepo kwa kila saizi, na duka la matairi linalojua kazi yake litakutolea. Ukiongeza upepo huo kwenye pikapu tupu, katikati ya tairi ndiko kunakobaki kugusa barafu. Unaona jinsi LT kwenye gari jepesi lisilo na mzigo linavyokubana pande zote mbili.

Kinyume chake ni hatari zaidi, kwa hiyo tukitaje wazi: kamwe usiteremke chini ya namba ya mzigo inayotakiwa eti tairi laini linashika vizuri. Likipashwa moto na mzigo kwenye barabara kuu, ubavu hupasuka.

Herufi ya mwisho ni mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, R 170, S 180, T 190. Matairi mengi ya theluji yana herufi ya chini kuliko yale ya kiangazi, na hilo si kasoro. Heshimu tu kikomo chake.

Saizi: jembamba kidogo lina faida

Tairi pana huelea juu ya theluji na kuisukuma mbele yake; jembamba huikata hadi kufika kwenye kitu kigumu. Kama pikapu ilikuja na rimu za inchi 20, msimu wa baridi ni nafasi nzuri ya kushuka hadi 18 au 17. Unapata ubavu mrefu usiopasuka kwa urahisi ukigonga shimo lililofichwa na theluji, na saizi hizo ndogo huwa na matairi ya theluji mengi zaidi ya kuchagua.

Hesabu ya kipenyo uifanye mwenyewe kwa kikokotoo: upana mara kimo kwa asilimia, mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita, ambapo inchi moja ni 25.4. Kwa 275/55R20: 275 × 0.55 × 2 ni 302.5, jumlisha 508, unapata milimita 810.5. Kwa 275/65R18 unapata 814.7. Kwa 265/70R17 unapata 802.8. Zote zimo ndani ya asilimia 1 ya ile ya kwanza, na unaruhusiwa kucheza ndani ya asilimia 3. Kutoka 265/70R17 unaweza pia kwenda 245/75R17, ambalo ni jembamba kwa sentimita 2 na kipenyo chake ni 799.3, lakini hapo rudi kwenye namba ya mzigo, maana tairi likipungua upana mara nyingi uwezo wake nao hupungua.

Kushuka rimu kuna kikomo kimoja: kalipa ya breki. Pikapu zenye diski kubwa hazikubali rimu ndogo. Ifunge rimu tupu bila tairi, uizungushe kwa mkono. Ikigusa popote, haifai, na usijaribu kuweka spesa za kuisogeza nje.

Matairi yawe manne ya aina moja. Ukifunga mawili nyuma kwa kuwa ndiko gari linakosukuma, mbele yatakataa kukata kona, na breki nyingi ziko mbele. Ukifunga mawili mbele, ni hatari zaidi: mbele yatashika, mkia utaachia, na gari litajizungusha. Kwa pikapu ya fowili kuna sababu ya ziada. Ekseli mbili zenye matairi ya vipenyo tofauti, hata kwa uchakavu tu, zinabishana ndani ya kisanduku cha fowili, na kitakacholipa ni gia na minyororo yake. Pikapu yenye matairi pacha nyuma inataka sita, na kila jozi ya nyuma ilingane kipenyo, la sivyo moja linabeba na mwenzake linaburuzwa.

Misumari

Barafu ya hatari kuliko zote ni ile iliyo karibu na nyuzi 0. Juu yake pana utando wa maji. Ikishuka hadi nyuzi 15 chini, barafu inakauka na mpira mzuri unaishika vya kutosha. Kwa hiyo swali la misumari lisiulizwe kwa ukali wa baridi, liulizwe kwa ukubwa wa majimaji: kama unapoishi barafu inayeyuka mchana na kuganda usiku, misumari ina maana kubwa. Kama ni baridi kavu isiyovunjika, au barabara inafagiliwa na kutiwa chumvi ikabaki lami tupu, tairi lisilo na misumari litakufaa zaidi, maana kwenye lami tupu misumari huongeza kelele na mara nyingi hurefusha nafasi ya kusimama.

Misumari ina ncha ya kabidi ya tangsteni na hujitokeza kama milimita 1 hivi. Inapigwa kwenye matundu yaliyofinyangwa kiwandani, na tairi liwe jipya kabisa: likishatembea, matundu hujaa changarawe na msumari hauketi. Kilomita mia kadhaa za kwanza ondoka polepole na funga breki taratibu ili mpira uukumbatie kila msumari. Anayeruka hatua hii huipoteza misumari kabla msimu haujaisha.

Angalia sheria pia. Ujerumani hairuhusu misumari kwa matumizi ya kawaida. Japani ilitunga sheria ya kuidhibiti mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi la lami iliyosagwa. Nchi na majimbo mengine huruhusu kwa tarehe maalumu tu.

Unaponunua

Tafuta ubavuni herufi DOT na uzifuate hadi kwenye tarakimu nne za mwisho. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi la theluji linaishi kwa ulaini wake, na mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Lililofika miaka sita hatushauri kulinunua, hata kama meno yake ni mazima.

Kwa matairi yaliyotumika, beba kipimo cha kina cha meno. Jipya la pikapu huwa na milimita 8 au 9, na la LT linafika 11 au zaidi. Likifika 4, kazi yake ya theluji imekwisha hata kama sheria ya nchi inaruhusu 1.6. Baadhi ya matairi yana vidaraja vya pili ndani ya mifereji vinavyoonyesha kikomo hicho cha baridi. Pima sehemu tatu, ndani, katikati na nje, kwa sababu pikapu iliyokuwa ikibebeshwa hula pembeni na isiyobebeshwa hula katikati. Kisha kagua vijikato: kwenye baadhi ya matairi haviendi hadi chini, na lililochakaa nusu linabaki na meno yasiyo na wembe wowote.

Rimu za pili zinalipa gharama yake kwa sababu tairi halivuliwi na kuvalishwa mara mbili kila mwaka. Lakini hesabu ya matundu sita haitoshi. Ford F-150 tangu 2004 ina matundu sita kwenye duara la milimita 135. Toyota Hilux ya fowili ina sita kwenye 139.7. Tofauti ni milimita 4.7 na rimu haziazimani. Linganisha pia tundu la katikati, umbali wa kuingia ndani au kutoka nje, na uzito ambao rimu yenyewe imepigiwa chapa. Nati ni jambo la mwisho na ndilo linalopuuzwa: rimu ya chuma mara nyingi hutaka nati yenye uso wa pia, ya aloi ya kiwandani inaweza kutaka yenye washa bapa. Nati isiyo yake inaonekana imekaza, kumbe inagusa kwa ukingo tu, na italegea.

Kama gari lina sensa za upepo, rimu za pili zitahitaji za kwake. Za 315 MHz na 433 MHz hazisikilizani, basi uliza masafa ya gari lako kabla ya kulipa.

Kufunga, upepo, na mchanga wa nyuma

Funga asubuhi zikianza kukaa chini ya nyuzi 7, usingoje theluji ya kwanza. Safisha kutu kwenye uso wa kitovu kwa brashi ya waya, kwa kuwa kutu iliyobanwa katikati ikisagika nati zote hulegea kwa pamoja. Angalia mshale wa mzunguko au neno linaloonyesha upande wa nje. Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba au nyota, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichomo kwenye kitabu cha gari. Pikapu kubwa nyingi zinadai zaidi ya Nm 170, na bunduki ya upepo ya gereji haijui namba hiyo. Rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 100.

Upepo hupungua kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za baridi. Tairi lililojazwa psi 36 ndani ya gereji yenye nyuzi 18, likilala nje kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, asubuhi utalikuta na kama 30. Pima likiwa baridi, kabla hujaendesha, kila mwezi na kila baridi inapobadilika ghafla. Usipunguze upepo makusudi kwa ajili ya theluji ya barabarani.

Kwa pikapu tupu inayosukumwa nyuma, kilo 100 hadi 150 za mchanga kwenye mifuko zinabadilisha gari kabisa. Mahali pake ni katikati ya matao ya magurudumu, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukiiweka kwenye mlango wa nyuma inakuwa kama mizani: inanyanyua mbele na usukani unakuwa mwepesi. Ifunge kwa kamba isiende popote, maana mfuko ulio huru kwenye ajali unaruka hadi kabini. Na ihesabu kwenye mzigo unaoruhusiwa. Theluji iliyojaa kwenye bodi haichukui nafasi ya mchanga. Inahama ukikata kona na inayeyuka siku unayoihitaji.

Badilishana mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hivi. Yavue joto likishakaa juu ya nyuzi 7, kwa kuwa lami ya moto inaula mpira laini kwa wiki chache. Andika kwa chaki kila lilipotoka, uyaweke pakavu na penye giza, mbali na mota za umeme ambazo hutoa ozoni inayopasua mpira.

Na spea. Pikapu nyingi huitundika chini ya bodi kwa kebo ya winchi, mahali chumvi ya barabarani inapofika kwanza. Ishushe kabla ya baridi, paka kebo na gia za winchi grisi, ijaze upepo, na ulinganishe kipenyo chake na matairi mapya. Kama kinatofautiana, ikibidi kuitumia endesha kwa magurudumu mawili, bila kuingiza fowili, mpaka tairi lililotoka lirudi.